Zoni ya alamu inasumbua? Pima om kwanza kabla hujagusa setingi

Zoni (yaani laini ya waya ya mlango, dirisha au sensa inayoingia kwenye paneli ya alamu) ikikataa kufunga, au king'ora kikilia usiku wakati jengo halina mtu, wengi wanakimbilia kwenye programu ya paneli na kuanza kubadilisha vitu, mara aina ya zoni, mara baipasi (kuiruka zoni isihesabiwe), mara anarudisha setingi za kiwandani, mwisho wa siku tatizo liko palepale na juu yake yamezaliwa mengine mapya. Hiyo ni kupiga ramli. Paneli haijui mlango, haijui dirisha, haimjui mtu, inachosoma ni om tu, yaani ukinzani wa waya, kati ya terminali mbili, ile ya zoni na ile ya COM (ya pamoja). Ikisoma namba iliyoizoea inasema kuko shwari, ikisoma namba nyingine inasema kuna kitu. Kwa hiyo ukishajua paneli yako inasubiri namba gani, na ukajua waya zako zinaipa namba gani, nusu ya kazi imeisha hapo.

Kabla hujafungua boksi

Kama jengo limeunganishwa na kituo cha ulinzi kinachopokea ishara, wapigie kwanza waweke akaunti kwenye majaribio, maana ukishaanza kuchomoa waya wataona kila kitu na wanaweza kutuma watu. Chomoa waya mmoja wa king'ora, paneli italalamika kuhusu king'ora lakini isikutishe. Kumbuka umeme wa ukutani unaingia kwenye transfoma, hapo pasiguswe kama hujazima. Kama kuna zoni za moto kwenye hiyo paneli, mwambie msimamizi wa jengo kwamba kwa muda huo vigunduzi vya moshi havifanyi kazi, usimwache gizani.

Vifaa: mita nzuri, bisibisi ndogo, resista (vile vidude vidogo vya ukinzani) kadhaa mpya za thamani ya paneli yako, kipande cha waya cha kupigia shoti, na kitabu cha paneli. Kitabu ni muhimu kweli, sio pambo.

Alafu kabla ya bisibisi soma kumbukumbu ya matukio kwenye kipadi (kile cha vitufe ukutani). Saa ngapi ilipiga, zoni gani, ilipiga tu au ilitanguliwa na umeme kukatika, ilirudi baada ya sekunde mbili au ilikaa wazi mpaka asubuhi. Zoni inayopiga kila siku saa zilezile za jioni na zoni inayopiga ovyoovyo muda wowote hazina ugonjwa mmoja.

Namba zenyewe

Hapa tukae kidogo kwasababu mengine yote yanatokea hapa. Kuna njia tatu za kuunganisha waya za zoni. Ya kwanza haina resista kabisa, ni swichi ya NC (inayokaa imeunga hali ikiwa shwari, kinyume chake ni NO) peke yake: mlango umefungwa mita inasoma karibu na sifuri, ukifunguliwa inasoma wazi kabisa. Ni rahisi lakini dhaifu, mtu akizigusanisha zile waya mbili popote njiani paneli itaona mlango umefungwa milele.

Ya pili ina resista moja, kwenye vitabu inaandikwa EOL, nayo inakaa kulekule kwenye sensa, kwenye mwisho wa waya. Mlango umefungwa paneli inasoma thamani ya resista, mlango ukifunguka inasoma wazi, waya zikigusana inasoma sifuri, na hizo hali mbili za mwisho zote inazihesabu kuwa zoni imefunguka.

Ya tatu ina resista mbili, DEOL, moja imefungwa sambamba na kontakti ya alamu na nyingine iko kwenye mfululizo pamoja na swichi ya tampa. Tuchukue paneli za DSC ambazo zinatumia 5.6k (kilo-om 5.6, yaani om 5,600) kwa zote mbili. Shwari utasoma 5.6k. Sensa ikiona mtu kontakti inafunguka, resista ya pili inaingia kwenye njia, unasoma 11.2k na hiyo ni alamu. Mtu akifungua kava la sensa au akikata waya unasoma wazi kabisa, hiyo ni tampa. Waya zikigusana ni sifuri, hiyo ni kasoro ya laini. Hali nne kwenye waya mbili tu, ndo maana mimi kwenye jengo lenye watu wengi wanaopita mchana siwezi kushauri kitu kingine zaidi ya hii, kwasababu anayechezea sensa mchana alamu ikiwa imezimwa unamjua siku hiyohiyo.

Thamani inategemea kampuni. DSC 5.6k kama nilivosema, Paradox 1k, paneli za Vista za Honeywell 2k, Texecom kwa kawaida 4.7k kwa alamu na 2.2k kwa tampa. Kwa hiyo jengo likibadilishiwa paneli na sensa za zamani zikaachwa na resista zake ndani, usishangae kila zoni ikiwa nyekundu siku ya kwanza. Hakuna kilichoharibika, paneli mpya inasubiri namba nyingine.

Na angalia rangi vizuri. 5.6k yenye mistari minne ni kijani, bluu, nyekundu, alafu mstari wa dhahabu. Mstari wa tatu ukiwa wa rangi ya chungwa hiyo ni 56k, ukiwa kahawia ni 560 tu, na chini ya mwanga hafifu wa darini nyekundu, chungwa na kahawia zinafanana sana. Zenye mistari mitano zinasomwa tofauti tena. Pima kila resista kwa mita kabla hujaifunga, ni sekunde tano.

Kuna hili la sensa mbili kwenye zoni moja. Sensa nyingi za kisasa zinakuja na resista ndani, unachagua kwa jampa (kile kipini kidogo cha kuchomeka kwenye bodi). Ukiunganisha mbili za hivo kwa mfululizo kwenye zoni ya EOL moja, 5.6 na 5.6 zinajumlishana, paneli inaona 11.2k na zoni haifungi. Kwenye mfululizo resista iwe moja tu, kwenye sensa ya mwisho, hizo nyingine ziwe kontakti tupu. Kwenye DEOL weka sensa moja kwa zoni moja, labda kama kitabu cha paneli kinakuonesha mchoro wa zaidi ya hapo.

Kipimo cha kugawa tatizo nusu kwa nusu

Kabla ya dalili yoyote fanya hiki, kinaokoa muda kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. Chomoa waya mbili za hiyo zoni kwenye paneli. Chukua resista mpya ya thamani sahihi, ifunge moja kwa moja kati ya terminali ya zoni na COM. Angalia kipadi. Zoni ikifunga, paneli nzima na programu yake kuhusu resista ziko sawa, mchawi yuko kwenye waya au kwenye sensa. Zoni ikikataa kufunga hata na resista iko pale pale kwenye bodi, basi mchawi ni setingi au terminali imeungua, na hapo ndo una ruhusa ya kuingia kwenye programu.

Ukijua tatizo liko nje, endelea kugawa. Kwenye zile waya ulizochomoa weka mita kwenye kilo-om, soma mlango ukiwa umefungwa, soma ukiwa wazi, andika. Nenda kwenye sensa, chomoa waya, zipige shoti, rudi upime: waya mzima wa alamu wa 0.22 mm² una kama om 16 kwa mita 100 kwenda na kurudi, kwa hiyo ukisoma mamia ya om kuna jointi mbovu njiani. Alafu ziache wazi hukohuko upime tena: mita isisome kitu. Ikisoma chochote, hata mamia ya kilo-om, insulesheni imechubuka au kuna maji. Mwisho pima kila waya na athi ya jengo, hapo pia isisome kitu, ikisoma jua waya umebanwa na fremu ya chuma mahali fulani.

Zoni iko wazi muda wote

Anza na rahisi. Sumaku iko mbali na swichi yake, kwa swichi nyingi za kawaida umbali wa kufanya kazi ni kama sentimita 2 tu, na mlango wa chuma unapunguza zaidi kwasababu chuma kinaivuta nguvu ya sumaku pembeni. Mlango ukilegea bawaba kidogo unashuka, sumaku inapita chini ya swichi, mwenye jengo anaapa mlango umefungwa na kweli umefungwa lakini paneli haioni. Sogeza sumaku kwa mkono karibu na swichi ukiwa unamsikiliza mtu kwenye kipadi, ikifunga hapo umeshapata jibu. Kwa mlango wa chuma au geti tumia swichi za geti zenyewe ambazo zina sumaku kubwa, usilazimishe hizi ndogo za dirisha.

Kama ni sensa ya mwendo, pima volti kwenye terminali zake za umeme, chini ya 9 hivi nyingi hazifanyi kazi, na sensa isiyo na umeme rilei yake (swichi ya ndani inayoendeshwa na umeme) inaachia, yaani inaonesha wazi moja kwa moja. Baada ya kuwasha pia ipe dakika moja hivi ijizoeze kabla hujaihukumu.

Kama mita inakusomea namba nzuri, mfano 5.6k safi, na resista ya majaribio nayo ilikataa, sasa ingia kwenye programu uangalie kama paneli imeambiwa inatumia resista moja, mbili au hakuna. Paneli iliyowekwa kwenye hali ya NC bila resista ikikutana na 5.6k haitafunga, na iliyowekwa kwenye DEOL ikikutana na swichi tupu ya sifuri itasema kasoro. Paneli nyingi setingi hii ni ya mfumo mzima, nyingine inakuruhusu zoni kwa zoni, ukibadilisha kwa ajili ya zoni moja hakikisha hujazigusa nyingine kumi zilizokuwa zinafanya kazi.

Na kama zoni inafanya kinyume, mlango ukifungwa inafunguka na ukifunguliwa inafunga, hiyo ni NO na NC zimepishana. Ila kuwa makini na maandishi kwenye pakiti za swichi za sumaku, wengine wanaandika hali ya swichi sumaku ikiwa karibu na wengine sumaku ikiwa mbali. Usiamini pakiti, weka sumaku karibu, piga mita, amini mita.

Zoni haifunguki kamwe, hata ukiingia dirishani

Hii ndo inayonikosesha raha kuliko zote kwasababu hailalamiki. Hakuna kelele, hakuna taa nyekundu, kila mtu ana furaha, mpaka siku mwizi anapita pale. Zoni inayopiga ovyo itatengenezwa wiki hiyohiyo, hii inaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kujua, kwa hiyo itafute mwenyewe hata kama hujaitwa kwa ajili yake.

Sababu namba moja ni resista kuwekwa kwenye boksi la paneli badala ya kwenye sensa. Fundi anaona uvivu wa kupanda ngazi, anafunga resista zote pale ndani kwa mstari mzuri, kila kitu kinafanya kazi anakabidhi kazi. Siku msumari au panya anazigusanisha waya darini, paneli bado inasoma 5.6k yake iliyo palepale boksini, mlango ufunguliwe usifunguliwe. Ulinzi wa resista umekufa na hakuna anayejua. Ukifungua boksi ukakuta resista zimepangwa kwenye terminali za zoni, kazi yako imeongezeka: zihamishe zote ziende kwenye sensa zake.

Ya pili, waya zimefungwa kwenye terminali za tampa za sensa badala ya zile za alamu. Zipo jirani, zote zinasoma NC ukiwa umefunga kava. Sensa inawasha taa yake mtu akipita, kila anayeangalia anaridhika, lakini paneli itaona kitu siku tu mtu akifungua kava. Taa inakwambia sensa imeona mtu, haikwambii kwamba habari imefika kwenye paneli. Pita mbele ya sensa huku mwenzako anaangalia kipadi, sio anaangalia sensa.

Ya tatu, ulimi wa swichi ya sumaku umeganda ndani. Hizi swichi zina vipande viwili vyembamba vya chuma ndani ya kioo kidogo, radi ikipiga karibu au mtu akapitisha volti 12 moja kwa moja bila mzigo, vinashikana visiachane. Ondoa sumaku, gonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, ikiachia ghafla usifurahi, ibadilishe, itaganda tena.

Mwisho angalia upande wa programu: zoni imebaki kwenye baipasi, au haijawekwa kwenye partisheni (sehemu ya jengo inayowashwa peke yake) yoyote, au paneli imeizima yenyewe baada ya kupiga mara nyingi ndani ya kipindi kimoja. Hiyo ya mwisho ni setingi ya kawaida kabisa, inawekwa ili king'ora kisilie usiku kucha, lakini mtu asiyejua anaona zoni yake ya mlango wa nyuma imekufa.

Kipadi kinaonesha tampa au kasoro

Kama ni DEOL, ukiona wazi kabisa fuata waya uliokatika au kava la sensa ambalo halijakaa vizuri, kile kiswichi kidogo cha tampa kinahitaji kubonyezwa na kava na ukuta ukiwa haujanyooka hakibonyezwi vizuri. Ukiona sifuri fuata shoti. Ukiona namba ya katikati isiyo yoyote kati ya hizo nne, mfano 3.1k au 17k, ni resista ya thamani isiyo yake, au mbili zimefungwa mahali pa moja. Usizime tampa kwenye programu ili kipadi kinyamaze, tafadhali. Kwenye mifumo inayofuata viwango vya EN 50131 (vya Ulaya vya alamu za wizi) ulinzi wa tampa ni sharti, na hata pale ambapo hakuna anayekukagua ni kitu kinachomlinda mwenye jengo.

Inapiga usiku na hakuna mtu

Hapa sababu ni nyingi na zinachanganyana, kwa hiyo rudi kwenye kumbukumbu ya matukio utafute mpangilio.

Kama inapiga umeme ukikatika, au masaa kadhaa baada ya kukatika, usiangalie sensa, angalia umeme wa sensa. Piga hesabu: waya wa mita 100 una om 16, mwisho wake kuna sensa 10 kila moja inakula miliampea 15, jumla 150, kwa hiyo zinapotea volti 2.4 njiani. Umeme ukiwepo paneli inatoa kama 13.7, kule mwisho inafika 11.3, hakuna shida. Umeme ukikatika betri inashuka pole pole, ikifika 11 kule mwisho ni 8.6, rilei zinaanza kuachia moja baada ya nyingine na king'ora kinalia. Dawa ni kuongeza nyuzi kwa ajili ya umeme wa sensa, kama kebo ina waya zilizobaki ziunganishe sambamba, au kuweka pawa saplai ya pembeni yenye betri yake, na ukiweka hiyo hakikisha hasi yake imeunganishwa na hasi ya paneli. Na betri yenyewe, ile ya 12V 7Ah, ipime ikiwa na mzigo, sio ikiwa imekaa kwenye chaja, maana kwenye chaja hata betri iliyokufa inasoma 13 na kitu.

Kama inapiga alfajiri au wakati wa mvua, fikiria unyevu. Kuna jengo moja la ofisi zoni ya madirisha ya ghorofa ya juu ilikuwa inapiga karibu na alfajiri tu, mchana ukipima 5.6k haichezi hata kidogo, sensa zikabadilishwa, swichi zikabadilishwa, ikaendelea. Tukaiacha mita kwenye waya jioni na kuisoma kila baada ya muda: 5.6, 5.6, kufika usiku wa manane 5.2, baadaye 4.7, karibu na alfajiri 4.1 na zoni ikafunguka. Om zikishuka maana yake kuna njia ya pili sambamba, umeme unavuja kati ya waya na waya. Ilikuwa jointi darini, waya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu, tepu imelegea kwa joto la mchana na usiku bati linatiririsha umande juu yake, ukiifungua nyuzi zimekuwa za kijani. Ikakatwa, ikachomelewa kwa risasi, ikavalishwa mpira wa kubana kwa joto, basi. Kumbuka hilo la mwelekeo: zikishuka kuna uvujaji, zikipanda jointi inaoza kwa ndani au skrubu imelegea. Kebo moja mpaka mwisho bila jointi ndo bora kila inapowezekana.

Kama inapiga pampu ikiwaka, lifti ikitembea au taa zikiwashwa, waya wa alamu umelala na waya wa umeme mkubwa kwenye paipu moja. Weka mita kwenye volti za AC kati ya zoni na COM uone kama kuna kitu. Watenganishe, sentimita 30 hivi inasaidia, na pale lazima wakutane wakate kwa pembe mraba. Ukitumia kebo yenye shildi, shildi iende kwenye athi upande mmoja tu, wa paneli.

Kama ni sensa ya mwendo na saa zinabadilikabadilika, tazama inachokitazama. Sensa ya PIR inaona joto linalosogea kutoka kipande kimoja cha lenzi kwenda kingine, kwa hiyo kiyoyozi kinachopuliza pazia, jua la jioni linalogonga sakafu ya vigae, na mdudu anayetembea juu ya lenzi yenyewe, vyote ni mtu kwake. Ziba tundu la waya nyuma kwa silikoni, buibui na sisimizi wanaingilia hapo. Funga kati ya mita 2.1 na 2.4 kutoka chini, kwenye kona, ili mtu akatishe mbele yake, maana inamwona vizuri anayekatisha kuliko anayeijia moja kwa moja. Sensa zenye PIR na maikrowevu pamoja zinapunguza kelele kweli, ila maikrowevu inapenya kioo na kuta nyepesi, punguza umbali wake mpaka imuache anayepita koridoni nje. Na joto la chumba likikaribia joto la mwili PIR inakuwa nzito kuona, kwa hiyo usikimbilie kuishusha usikivu mpaka chini kabisa usiku wa baridi, mchana wa joto itakuwa kipofu.

Kuna setingi moja hapa watu wanaisahau, muda wa zoni kujibu, yaani waya ukae wazi kwa muda gani ndo paneli ihesabu. Kwa mlango nusu sekunde hivi inatosha, ukiweka milisekunde 10 upepo tu ukitikisa mlango inapiga. Ila sensa ya mtikisiko au ya kioo kuvunjika inaweza kutoa mpigo mfupi sana, hiyo ukiiweka kwenye nusu sekunde kioo kitavunjwa na paneli haitajua. Kila sensa na muda wake.

Zoni mbili zinacheza pamoja

Unafungua mlango mmoja zinafunguka zoni mbili. Kwenye bodi nyingi terminali moja ya COM inahudumia zoni mbili, skrubu yake ikilegea zote zinaanguka, kaza kwanza hiyo. Kama sio hiyo, angalia kama paneli imewashiwa kipengele cha kugawa zoni moja kuwa mbili kwa resista za thamani tofauti wakati wewe umefunga za kawaida, kikiwashwa bila mpango zoni zisizokuwepo zinaanza kuonekana kwenye kipadi. Vilevile eksipanda (bodi ya kuongeza zoni) yenye anwani sawa na nyingine, au zoni ya ndani ya kipadi iliyopewa namba ambayo tayari ipo kwenye bodi.

Om ziko sawa ila tabia sio

Waya safi, mita safi, bado mwenye jengo analalamika. Sasa ni aina ya zoni. Akiingia kwa mlango mkuu king'ora kinalia kabla hajafika kwenye kipadi: mlango umewekwa ucheleweshaji lakini sensa ya koridoni imewekwa ya papo hapo, ibadilishe iwe ya ndani inayofuata mlango, yaani inasubiri kama mlango umefunguliwa kwanza, ila inapiga palepale kama mtu katokea dirishani. King'ora kinalia mchana alamu haijawashwa: mlango wa kawaida umepewa aina ya saa 24, hiyo ni ya vitufe vya dharura na sefu. Kigunduzi cha moshi cha waya nne kimelia na hakinyamazi: kinashikilia hali yake mpaka umeme wake ukatwe kidogo, kwa hiyo lazima ukifunge kwenye ile laini ya umeme ambayo paneli inaweza kuikata ukibonyeza riseti, sio kwenye umeme wa sensa nyingine.

Sensa zisizo na waya hadithi yake ni fupi: betri, nguvu ya mawimbi, na kama imesajiliwa kwa namba sahihi. Nguvu ipime sensa ikiwa mahali pake na milango yote imefungwa, sio ukiwa umeishika mkononi karibu na paneli. Na kama ina terminali za swichi ya nje, mambo yote ya resista hapo juu yanahusu.

Ukimaliza

Weka paneli kwenye hali ya majaribio ya kutembea (walk test) ukague zoni zote, sio ile uliyotengeneza tu, fungua kila mlango na kila dirisha, pita mbele ya kila sensa. Kata umeme uiache kwenye betri kwa muda, rudia zile za mbali. Alafu chukua karatasi, andika namba ya zoni, mahali, om ikiwa imefungwa, om ikiwa wazi, volti kwenye sensa, ibandike ndani ya mlango wa boksi ili anayekuja baada yako aone kama kuna kilichosogea. Toa baipasi zote, rudisha waya wa king'ora, kilize kidogo usikie, mwambie msimamizi vigunduzi vya moshi vimerudi kazini, na wapigie kituo watoe akaunti kwenye majaribio baada ya kuthibitisha kwamba ishara ya zoni uliyotengeneza imewafikia.